Senene Wana Mataa, Mimi Nina Darubini

Vitabu vya nyota vimeandikwa na watu wasiojua senene. Vinasema: kaa mbali na mji, ngoja usiku usio na mwezi. Haya, niko Kimwani, Muleba, taa za barabarani tunazisikia ziko Bukoba mjini. Tena ikweta iko hapo jirani, nyota za kaskazini na za kusini zote zetu.

Ila Novemba, mvua ikishaosha anga na mawingu yakaachia, usiku huohuo senene, panzi wetu wa kuliwa, nao wanashuka. Ili kuwanasa, jirani anasimamisha mabati yanayong'aa, chini mapipa, juu mataa makali, jenereta linanguruma. Usiku usio na mwezi ndiyo sikukuu yake, maana mbalamwezi huipunguzia taa mvuto. Ziwani wavuvi wa dagaa wanafuata kalenda hiyohiyo: mwezi ukipevuka wanapumzika, giza likirudi wanawasha taa majini. Ukitazama mashariki utadhani Mwanza imehamia huku.

Nuru ya galaksi ya Andromeda imesafiri miaka milioni 2.5 kunifikia, ikazidiwa nguvu na jenereta la mtu wa kunywa naye chai.

Ikipotea kwenye darubini, uchunguzi unaanza. Umande? Nafuta lenzi. Ukungu wa ziwa? Hakuna. Giza tupu? Senene kakaa kwenye lenzi ya jicho. Mwisho natoa kipimo cha weusi wa anga, kidude cha mfukoni. Anga safi kabisa husoma karibu 22, mjini hushuka 18 au chini zaidi, na kila namba moja ikishuka, mwanga umezidi mara mbili na nusu. Jirani akachungulia, akakuta 19.

"Imeshuka, waitu? Basi nafuu."

Nikamweleza kwamba kwenye kidude hiki kushuka ndiyo ugonjwa. Akaniangalia kwa huruma. Macho nayo yanataka karibu nusu saa kuzoea giza, kisha anapita kijana na tochi akikimbiza senene aliyetoroka, tunaanza upya. Niliomba watumie tochi nyekundu, isiyoyasumbua macho hivyo, nikaulizwa nani kafa.

Asubuhi naletewa sahani ya senene wa kukaanga. Nakula, sitaki ugomvi.

Ila jirani, msimu ukiisha, zima na ile taa ya mlangoni. Senene watakuwa wameondoka, na mwizi ana tochi yake.