Mfasiri Awe Rais Kwanza

Sokoni Muyinga lugha hazipangi foleni. Mpaka wa Kobero, wa kuingia Tanzania, hauko mbali, kwa hiyo Kirundi kikitoa bei, Kiswahili kinaipunguza, na Kifaransa kinapita kudai makaratasi. Tangu 2014 hata Kiingereza ni lugha rasmi Burundi, ingawa sijakisikia kikiuza fungu la ndizi. Dalali mzuri hupokea tusi kwa Kirundi, akalitoa kwa Kiswahili likiwa utani. Mteja akacheka, akafungua pochi. Hiyo ni sanaa, tena haikuhitaji semina.

Mtu huyohuyo akikaa kutafsiri riwaya, utasikia: "Kwani yeye ameandika nini? Si amehamisha tu?" Kana kwamba riwaya ni gunia la maharage, linavuka forodha likiwa lilelile.

*Paradise* ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, ilitoka 1994. *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ilitufikia 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobel. Yaani mtoto wa nyumbani alibisha hodi miaka 28, na sisi tulisubiri kwanza Sweden imtambue. Na bado wapo wanaouliza mfasiri analipwa kwa lipi!

Mwenye bahati alikuwa Mwalimu Nyerere. Tafsiri yake ya *Julius Caesar* wa Shakespeare ilichapishwa 1963, akiwa Ikulu, na sijasikia aliyemwambia kwamba amehamisha tu. Basi, wafasiri wa Muyinga na Gitega, acheni kuwasumbua wachapishaji. Chukueni fomu za urais.