Stelingi Hana Wajomba?

Hapa Bigwa unaweza kuisema vibaya Yanga mbele ya mashabiki wake, au Simba mbele ya wa kwao, na kesho asubuhi bado ukauziwa vitumbua. Lakini ukiisema vibaya muvi iliyowakaa watu moyoni, jiandae. Hata bodaboda wa kijiweni, yule anayekuita bosi siku zote, atainama ajifanye anakaza breki mpaka upite.

Nami nina ugonjwa wa kutoa maoni. Nikitoka kuangalia muvi lazima niseme neno, tena nalisemea pale pale mlangoni, watu wakiwa bado wanatafuta ndala zao.

Tuanze na Commando. Muvi hii ya Arnold Schwarzenegger ilitoka 1985, lakini kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu haijazeeka. Kibanda chenyewe ni mabati juu, mabenchi chini, televisheni moja na spika mbili zinazokoroma. Mvua ya masika ikishuka kutoka Uluguru, mabati yanazishinda kelele bunduki zote za kwenye muvi, na mwenye kibanda anaongeza sauti mpaka spika zinaanza kulia. Mkanda ni wa kutafsiriwa, bila shaka. Vijana wanadhani ufundi huo umeanza na madijei wa juzi, lakini waliokula chumvi wanamkumbuka Derek Mukandala, yaani Lufufu, aliyezijaza sauti yake kanda za video za kutoka nje. Wakenya wana DJ Afro wao. Mtafsiri wa namna hii hafuati neno kwa neno. Anamsifu stelingi, anamsimanga adui, akipata nafasi anagusia habari za mashemeji, na risasi zikianza kulia ananyamaza apumzike.

Mwanzoni mwa Commando, Arnold anateremka mlimani na gogo zima begani. Misuli imemtoka, vijana wanapiga miluzi. Mlangoni alikuwa amejikinga mvua mama mmoja wa kutoka Kinole, mmoja wa wale wanaoshusha ndizi kwa hii njia yetu ya Matombo. Mkungu wake kauegemeza ukutani, ngata bado iko kichwani. Akalitazama lile gogo, akauliza kwa upole:

“Yaani anateremka tu? Hapandi?”

Kibanda kizima kikanyamaza. Mama akaongeza: “Na mtoto mgongoni yuko wapi?”

Nikaona hapo ndipo pa kutia neno langu. Nikasema kweli kabisa, tena hao maadui wanamwaga risasi kama mvua ya nje na hakuna hata mmoja anayempata mtu mnene kiasi kile. Kijana aliyekaa benchi la mbele akanigeukia. “Braza, stelingi hapigwi. Ukitaka wanaopigwa, kaangalie taarifa ya habari.”

Tukaendelea kubishana hadi mwisho, Arnold kamkabili adui mkuu, pumzi tumezibana, na uniti zikaisha. Giza. Tukadai pesa zetu. Mwenye kibanda akawasha tochi ya simu, akatumulika mmoja mmoja usoni. “Kuna asiyejua kwamba adui anakufa?” Hakuna aliyejitokeza. “Haya, usiku mwema.”

Kwa jirani yangu fundi cherehani mambo ni mengine. Yeye ni mtu wa Bongo muvi, na ana sanduku la diski za enzi za Steven Kanumba, aliyetutoka tarehe 7 Aprili 2012, na za King Majuto, aliyefuata 2018. Zama zile hadithi moja ilikatwa vipande viwili, kila kipande na diski yake na bei yake. Fundi, kwa sababu anazozijua yeye na mtu aliyemwazima, amebakiwa na sehemu za pili tu. Kwa hiyo kwake watu huanza kulia kabla hujajua nani kafa. Mwanamke ni kipofu, hatujui ilikuwaje. Mume yuko jela, hatujui kaiba nini. Fundi hana neno. Kwake sehemu ya kwanza ni ya watu wasiojua kukisia. Nilipotoa maoni kwamba chanzo cha ugomvi hakieleweki, alinijibu uzi ukiwa mdomoni: “Kwani ugomvi wa hapa mtaani chanzo chake unakijua?”

Nikasema basi, niwaletee muvi nisiyoweza kubishiwa. Nikachagua Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ikaonyeshwa Toronto 2021, kisha ikapelekwa na Tanzania kugombea Oscar. Nikaita watu sebuleni, nikachemsha kahawa, nikaweka kashata, na kabla ya kubonyeza nikatoa hotuba. Niliwaambia waangalie mwanga, waangalie vivuli kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, wasikilize ukimya. Zanzibar ya miaka ya 1950, nikasema, Waingereza wako juu, Yasmin amekimbia ndoa ya mume aliyemzidi umri kwa mbali, na Denge anapigania uhuru.

Wakaangalia. Fundi cherehani alitaka kujua magauni ya Yasmin kashona nani, akasogea mpaka kioo kikaonyesha kisogo chake badala ya Zanzibar. Bodaboda alivumilia kwa muda, kisha akauliza Denge atashika bunduki saa ngapi. Nikamwambia silaha ya Denge ni makaratasi anayoyasambaza kwa siri. Akashusha pumzi, akachukua kashata. “Sasa hizo karatasi zinalipuka?” Muuza kahawa, ambaye siku hiyo alikuja kunywa kahawa ya mwenzake, ndiye aliyemjibu: “Ingekuwa hazilipuki, wangemtafuta usiku kucha?” Nikafurahi, nikasema huyu kaelewa muvi. Kumbe alikuwa anaelekea kwingine. “Ila huyu binti,” akaendelea, “katoka kwa mume, sawa. Kwao wanasemaje? Hana hata shangazi wa kuwaita wazee wakae?” Hapo ukumbi ukachangamka. Mwanga nilioutolea hotuba ukasahauliwa, na likaanza baraza la kumtafutia Yasmin shangazi. Mzee mmoja aliyelala tangu wimbo wa kwanza wa taarabu aliamka majina yakipanda, akatoa maoni marefu kuliko wote, na yote yalikuwa ya busara.

Lakini kesi kubwa ilikuwa ya Neria. Hii ni muvi ya Zimbabwe ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ya Godwin Mawuru, hadithi yake imetoka kwa mwandishi Tsitsi Dangarembga. Patrick anakufa, na kaka yake Phineas anaanza kubeba mali, gari kwanza, mpaka mjane Neria anaishia mahakamani. Lugha ni Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa namtafsiria bibi yangu, tumekaa mkekani, simu imeegemezwa kwenye sufuria.

Sasa mimi si Lufufu. Mimi nilitafsiri kwa uaminifu, kila mtu kwa sauti yake. Phineas alipokuja na maneno yake ya mila na haki za ukoo wa mwanamume, nami nikakaza sauti, nikanyoosha kidole kama yeye. Nikapigwa mwiko wa mkono. “Maneno gani hayo unaniletea nyumbani kwangu?” Nikamwambia bibi, si mimi, ni Phineas. “Phineas simwoni hapa. Nakuona wewe.”

Mnajua, sisi Waluguru ukoo tunaufuata kwa mama, na ardhi ya ukoo hupita huko huko. Kwa hiyo bibi hakuwa akiona msiba, alikuwa akiona uzembe. “Huyu mwanamke hana wajomba? Hao watoto mjomba wao yuko wapi?” Nikafurahi kuwa na jibu. Nikamwonyesha Jethro, kaka yake Neria, aliyeigizwa na Oliver Mtukudzi mwenyewe, mwanamuziki mkubwa wa Zimbabwe, na wimbo wa muvi ni wake. Bibi akaisogeza simu karibu na macho, akamkagua Mtukudzi kuanzia kofia hadi kidole cha mwisho.

“Gari limebebwa, na mjomba kashika gitaa?”

Nikajaribu kumtetea. Nikasema muziki wake umeliza nusu ya Afrika. Bibi akasema ndiyo, na yeye Jethro alipaswa kulia kwanza, kisha aende kwa Phineas na wazee wenzake kabla jua halijazama. Hakimu alipotoa haki kwa Neria, bibi hakushangilia hata kidogo. Kwake kesi ilikwisha mapema, na aliyeshindwa ni gitaa.

Ndipo nilipoelewa kwa nini maoni yangu ya mwanga na vivuli hayauziki hapa. Muvi ikifika Bigwa inakaa barazani na kuulizwa kama mgeni yeyote: kwenu wapi, nani anakujua, na ulipopata shida ulimwambia nani. Ile inayojibu vizuri hurudiwa mpaka diski ikwaruze. Lufufu alilijua hilo kabla yetu, ndiyo maana hakukubali kutafsiri maneno matupu.

Habari za mwiko zikavuka uzio, zikawafikia akina mama wa kikoba cha bibi, nao wakaniajiri. Malipo ni ndizi za Kinole na chai, kazi ni kutafsiri baada ya hesabu za marejesho. Waliomba Neria. Nikaiweka, na safari hii nikaifanya kwa mtindo wa wakubwa wa kazi. Phineas anatoa hotuba ndefu kwa Kiingereza, mimi nasema: “Huyu anajitetea, lakini magoti yanamtetemeka, amesikia mjomba yuko njiani.” Jethro akionekana tu na gitaa, natafsiri: “Natuma salamu kwa wimbo, Phineas, na mdogo wangu nikikuta analia, nakuja na mabasi mawili ya wajomba.” Akina mama wakapiga vigelegele, mweka hazina akasimama juu ya kigoda, na bibi akaniongezea chai mwenyewe bila kuombwa.

Wamesema ndiyo muvi bora waliyowahi kuiona. Na kama kuna Mzimbabwe ana malalamiko kuhusu tafsiri yangu, mlango uko wazi, aje tu. Ila asije peke yake. Aje na mjomba wake.