Vitz ya Mwalimu

Mume wangu alitaka Probox. Hakuna mwanamume wa kijiji chetu cha Jego asiyetaka Probox, na sababu zao nimeshazihifadhi: inabeba mpunga, inabeba nazi, inabeba mgonjwa kumfikisha hospitali ya Msambweni, na hata ile meza ndogo inayovutwa kutoka kwenye dashibodi, waliyoiweka Wajapani ili mchuuzi wa kampuni apate pa kuandikia hesabu zake, huku Pwani inatosha kabisa sahani ya viazi vya karai. Mimi nilitaka gari la kunifikisha Lunga Lunga asubuhi kabla kengele haijalia, na kunirudisha jioni nikiwa bado na nguvu ya kusahihisha madaftari. Pesa zilikuwa za mkopo wa sacco, sacco ilikuwa ya walimu, na mwalimu nyumbani kwetu ni mmoja. Tukanunua Vitz.

Vitz ilianza kutoka Japani 1999. Umbo la tatu likaja mwishoni mwa 2010, na kufika 2020 Toyota wakaliacha jina lenyewe, gari likawa Yaris hata huko kwao. Yetu ni ya hilo umbo la tatu, injini ya sisii 996, silinda tatu. Silinda tatu hutetemeka kidogo gari likiwa limesimama huku linawaka. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye ana bodaboda na kwa hiyo ni fundi wa kila kitu, aliweka kiganja juu ya boneti na kuniangalia kwa huruma: “Shemeji, hili lina homa.”

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopitisha miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Ndivyo kiwango cha KS 1515 kinavyosema. Binamu zetu wa Tanga hutucheka kwa hilo, kwa sababu Tanzania gari kuukuu linaingia, ila mwenyewe atalipia uzee wake ushuru wa ziada. Lakini sheria yetu inaangalia mlangoni tu. Gari likishapita bandarini, lizeeke litakavyo. Letu lilikuwa limezeekea Mombasa, na dalali alituapia kwamba mwenyewe ni mama mtu mzima aliyekwenda nalo sokoni na kurudi, basi. Kila gari dogo linalouzwa Mombasa lilikuwa la huyo mama. Sijui sokoni alikuwa akinunua nini.

Nilikwenda na fundi wangu mwenyewe kutoka Ukunda, mzee wa maneno machache. Alikataza gari lisiwashwe kabla hajafika, ili alisikie likiamka likiwa baridi. Akafungua kifuniko cha oili, akanusa, akachomoa kijiti cha kupimia na kukipangusa kwa kidole gumba. Akalala chini ya gari kwa muda mrefu hata dalali akaanza kushusha bei bila kuulizwa. Alipotoka alinikalisha akanieleza habari za gia. Hii ya Vitz si gia ya meno ya kupanda na kushuka. Ndani mna mkanda wa chuma kati ya puli mbili, na ina oili yake maalumu. “Mwalimu, siku mtu atakapokwambia oili ni oili, mfukuze.” Nikaandika kwenye daftari. Mume wangu alikuwa akijaribu honi.

Kuhamisha umiliki siku hizi ni kwenye eCitizen: muuzaji anaanzisha kwa akaunti yake, mnunuzi anakubali kwa yake. Jina lililotokea kwenye logbuku ni langu, peke yake. Tulirudi kwa barabara ya Dongo Kundu, iliyokamilika 2024, ile inayokuvusha Mteza kwa daraja la zaidi ya kilomita moja na kukuepusha na foleni ya Likoni. Mume wangu alitaka tupande feri. Alisema ni vizuri gari lizoee maji mapema. Neno lile nililiona la mzaha.

Jego walilipokea vizuri. Wifi alilifukiza ubani. Mavyaa, ambaye kwa umri wake hapandi kitu asichokijua, aliingia mbele, akajifunga leso vizuri, akasema bismillahi. Nikawasha. Sauti ya mwanamke ikasema kitu kwa Kijapani, kwa adabu nyingi.

“Aleikumu salamu,” akaitikia mavyaa.

Kila mwenye gari la Japani anamjua mwanamke huyo. Anakaa kwenye kisanduku cha kulipia barabara za huko kwao, na kazi yake ni kukukumbusha, kila unapowasha gari, kwamba hujatia kadi. Hakuna anayemwambia kwamba yuko Kwale. Mimi alikuwa hanisumbui. Mavyaa alimpenda: alikuwa ndiye mtu pekee katika nyumba ile anayeamkua kwanza. Lakini shemeji alisema sauti ile inakula betri, na siku moja niliyokuwa nimelala mchana wa Jumapili akaingia chini ya dashibodi na koleo. Mwanamke akanyamaza. Zikanyamaza pia honi na taa ya ndani, na waipa zikaanza kufanya kazi kila nikiwasha indiketa ya kushoto. Nilifika shuleni nikikata kona huku napangusa kioo kikavu, na wanafunzi wakadhani ni salamu.

Fundi wa Ukunda alirudisha nyaya. Mwanamke hakurudi. Mavyaa akamnunia shemeji muda mrefu, na ni katika kumtuliza mama yake ndipo shemeji alipoleta habari ya redio.

Redio ya gari la Japani ni kiziwi nusu. Mawimbi ya FM ya huko yalipangwa kati ya 76 na 90, yetu yanapanda hadi 108, kwa hiyo unapata vistesheni vya mwanzo tu na vingine vyote unavisikia kwa jirani. Dawa yake ni kidude kidogo kinachofungwa kwenye waya wa eriali, mafundi wanakiita ekspanda, kinachoshusha kila stesheni chini ili redio iweze kuikamata. Hiki cha kwetu hushusha kwa 18. Baraka FM, ambayo dunia nzima inaijua kuwa 95.5, kwenye Vitz yetu ni 77.5. Nilimwandikia mavyaa karatasi, stesheni upande mmoja na namba ya garini upande wa pili, nikaibandika kwenye dashibodi. Aliisoma, akapiga hesabu kwa vidole.

“Na hizi kumi na nane kala nani?”

Nilijaribu kumweleza. Mimi hufundisha kutoa na kujumlisha kwa mshahara, na sikufaulu. Alimtazama shemeji tu, na shemeji, kwa kuogopa jicho lile, akaongeza spika mbili na amplifaya chini ya kiti ili mama asikie mawaidha vizuri. Amplifaya inataka waya mnene kutoka kwenye betri. Badala ya kuupitisha panapostahili, aling’oa kizibo cha mpira kilichokuwa sakafuni, miguuni pa abiria, akaupitisha waya kwa chini. Kizibo akakiweka mfukoni. Jambo hilo lilijulikana baadaye, kwa uchunguzi.

Kisha ikaja habari ya kimo. Hapa lazima nikiri kwa upande wa wanaume kwamba walikuwa na hoja. Tumbo la Vitz liko kama sentimita 15 tu juu ya ardhi, na barabara za vichochoroni kwetu zina mawe yaliyozaliwa kabla ya kaunti. Kila nilipotoka nyumbani nilisikia kitu kikikwaruza chini yangu. Mume wangu akasema litiwe spesa, na nikaridhia. Spesa ni vipande vya duara, vya alumini au mpira mgumu. Mbele hukaa juu ya shokabzoba, nyuma hukaa kwenye springi, na gari linasimama juu. Vitz na Demio nyingi za Kenya zimesimama hivyo. Fundi wa Ukunda alipoulizwa akapendekeza nyembamba. Waliopewa kazi, bila yeye, wakafunga nene, kwa sababu bei ilikuwa ile ile na mume wangu hawezi kuona kitu kikubwa kinauzwa kwa bei ya kidogo akakiacha.

Gari likasimama kama mbuzi aliyeona chatu. Mavyaa akahitaji kigoda cha kupandia. Lakini mawe hayakugusa tena, na mume wangu akaanza kuliita “letu”.

Mto Umba unaanzia milima ya Usambara, Tanzania, unavuka mpaka na kumwaga maji yake baharini huko Vanga, jirani zetu. Kwa hiyo sisi hufurikiwa na mvua ya watu wengine. Jua linawaka, nguo zinakauka kambani, na mto unakuja umejaa mvua ya Lushoto. Mwenyeji analijua hilo tangu yuko mgongoni mwa mama yake, na wanaume wangu wawili ni wenyeji. Walitoka alasiri na gari kufuata magunia ya mpunga, wakakuta maji yamekata njia, wakashuka, wakapima kwa mti, wakashauriana. Hoja iliyoshinda, nimeambiwa na shahidi, ilikuwa: “Si tumelipandisha?”

Walivuka. Lazima niseme injini haikuzima, na walirudi wakipiga honi tangu msikitini, magunia nyuma, buti imefungwa kwa kamba. Kuku alichinjwa. Asubuhi nilifungua mlango nikiwa na haraka, nikatia mguu, na maji yakanifika kifundoni. Walivuka salama juu, na mto ukapita kwa chini, kwenye tundu la kizibo. Sakafuni, upande wa abiria, nilikuwa nimeweka insha za gredi ya saba.

Siku ile Jego nzima ilisoma insha za wanafunzi wangu, kwa kuwa zilianikwa ukurasa kwa ukurasa kwenye ukuta, zikakandamizwa kwa vifuu. Viti viling’olewa. Zulia la gari likavuliwa, na chini yake kuna sponji nene inayonywa maji kwa siri na kuyatunza, ndiyo chanzo cha ile harufu ya gari lililofurikiwa ambayo marashi hayaiwezi. Ikatolewa nayo, ikalazwa juu ya paa la jiko. Kwenye mfereji ambamo kiti huteleza, kijana wangu akaokota sarafu ya manjano yenye tundu katikati. Ilikuwa yen 5. Niliipangusa kwa kanga: shuke la mpunga limeinama upande mmoja, chini yake mistari ya maji, na kuzunguka tundu, meno ya gurudumu la mashine. Nikampa mavyaa. Aliisogeza karibu na jicho, akaisogeza mbali.

“Kumbe na wao wanalima mpunga,” akasema. “Sasa mbona gari wametengeneza la kubebea mtu mmoja?”

Akaifunga kwenye pindo la leso yake, na huko iko hadi leo.

Lililobaki lilikuja polepole. Kwanza mlio, ko-ko-ko-ko, kila nikikata kona kali. Kisha matairi ya mbele yakaanza kulika upande wa ndani, nje mapya, ndani upara. Fundi wa Ukunda hakushangaa. Alinyanyua gari, akanionyesha mhimili unaotoka kwenye gia kwenda gurudumuni. Ukilipandisha gari mno, mhimili ule unainama zaidi ya ulivyotengenezewa. Mpira unaofunika sivi joint unajikunja vibaya mpaka unapasuka, grisi inarushwa nje, mchanga unaingia ndani, na chuma kinasagana na chuma. Na kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kwenda kufanya alaimenti baada ya kufunga spesa, magurudumu yalikuwa yanatembea kila moja na njia yake. Alizungumza bila kumlaumu mtu. Aliuliza tu spesa zile zilinunuliwa kwa kilo au vipi.

Gharama ikawekewa kikao, baada ya isha, kwenye mkeka. Mavyaa ndiye aliyekaa kiti. Mume wangu alisema gari ni la nyumba nzima, kwa hiyo na gharama ni ya nyumba nzima. Nikaleta logbuku. Mavyaa akaomba asomewe jina, akasomewa, akaomba asomewe tena polepole. Kisha akakata shauri: kila aliyelitia gari kitu atalipia alichotia na kilichoharibiwa nacho. Redio ni yake, ataitolea nazi. Waya na kizibo ni vya shemeji, na insha zilizopotea atazinakili yeye kwa mkono wake, mwandiko mzuri. Spesa ni za mume wangu, pamoja na sivi joint zote mbili, matairi ya mbele na alaimenti ya Ukunda.

“Na Mwalimu je?” akauliza mume wangu. “Yeye hakutia kitu?”

“Petroli,” akasema mavyaa.

Tumefunga spesa nyembamba, zile alizosema mzee tangu mwanzo. Mlio umekwisha. Asubuhi za shule gari ni langu na halina mjadala. Baada ya alasiri linaombwa, kwa adabu, na linarudi na mafuta. Kizibo kimerudi mahali pake na nimekipaka gundi mwenyewe. Sikutarajia mengine. Lakini jana nimerudi nikamkuta shemeji amechuchumaa uani na futi ya kupimia, anapima paa la Vitz kutoka kushoto hadi kulia, na mavyaa amemshikia ncha ya pili.

“Shemeji, umepata kuona keria?”

“Nimeona. Kwenye Probox.”

“Basi iko moja Msambweni, ya Probox. Ikikatwa hapa na hapa, ikachomelewa…”

“Ikatwe na nani?”

Mavyaa akaachia ncha ya futi, ikarudi kwa kishindo. “Mwache kwanza amalize kupima,” akaniambia. “Kukataa utakataa, jina si lako?”