Sifa za Watunza Nakala Watatu

Wanaosema manahodha wengi chombo huenda mrama hawajakaa ofisini kwetu Soni asubuhi, umeme ukiwa ndiyo kwanza umerudi. Kompyuta yetu ni ya ukoo wa Unix, ukoo ulioanza 1969, na ikiwashwa tu huamka nayo watunza nakala watatu: wa hesabu, wa barua na wa picha. Programu za namna hii wenye fani huziita dimoni, neno lenye asili ya Kigiriki, la pepo. Mama anayetupikia chai aliposikia hivyo alihamisha birika.

Utasema mmoja angetosha. Hujui raha wewe. Kila mmoja ana faili lake la maelekezo, nywila yake na daftari lake, maana hesabu hutunzwa miaka na picha wiki chache. Ukiwachanganya, wa picha atazifuta hesabu kwa nia njema kabisa. Wanaamka kwa foleni, S97, S98, S99, na wa mwisho hanuni. Ila wote wanautangulia mtandao. Wanapiga hodi kwenye seva ya mbali, kimya, kisha wanaandika “imeshindikana” katika madaftari matatu. Nani mwingine katika milima yote hii ya Usambara hukiri kosa mara tatu kabla ya saa mbili?

Nimpendaye zaidi ni wa barua. Umeme ukikatika ghafla, huacha kijifaili chenye namba yake ya kazi. Ukirudi anakikuta, anasoma namba yake mwenyewe, anaamini yupo kazini tayari, anarudi kulala. Nimewahi kuwa na bosi wa namna hiyo, ila yeye hakuacha hata namba.

Mtandao ukipatikana, waliobaki macho huigombea diski moja na mashine yote huganda. Hapo natoka. Basi la kutoka Mombo limeshamaliza kona zake, linashusha watu; nanunua peasi, nasikiliza maporomoko, naulizia habari za misiba na mahari. Nikirudi, kale kaduara bado kanazunguka.

Juzi kijana mmoja alijitolea kuwapanga: wafanye kazi mmoja mmoja, kila mmoja ausubiri mtandao. Mistari michache tu, alisema. Nilimshukuru sana, nikampa peasi mbili, nikamwambia apite tena msimu ujao.