Roboti Mwenye Masikio Marefu

Mwaka 1997 Wamarekani walifikisha Mirihi kigari kinachojiendesha, Sojourner, chenye magurudumu sita. Kwa muda usiofika miezi mitatu kilitembea kama mita 100 hivi, dunia ikakishangilia. Mwenzake Spirit alinasa mchangani 2009, na mabingwa wote wa NASA wakashindwa kumnasua.

Huku Mbeere, Kenya, na kule Tigania pia, punda hubebeshwa mitungi ya maji ya lita 20, hupigwa kofi moja la kiuno, akashika njia ya nyumbani peke yake. Mawe, makorongo, tope jekundu: anavijua. Betri hana. Hula nyasi za kando ya barabara, na barabara yenyewe tumeiona zaidi kwenye hotuba za kampeni. Akichoka hugoma papo hapo, bila kusubiri amri kutoka California kama vigari vya NASA.

Nasi tukamtuza. Tulimfungulia machinjio yenye leseni, ngozi yake ikasafirishwa China ikapikwe dawa. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo 2020. Mwaka uliofuata, mahakama ikaitengua marufuku hiyo.