Wasiisengenye Skana ya Bei Poa

Wenye wivu wasiisengenye skana ya filamu ya bei poa. Boksi lake limeandikwa nukta 6400 kwa inchi; kwa fremu ya milimita 24 kwa 36, hizo ni pikseli milioni 55 hivi. Ukikuza jicho la bibi harusi unaona ukungu, ni kweli, lakini ni ukungu mkubwa wa kujaza diski. Maziwa ya mgahawani nayo hutiwa maji, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba glasi haikujaa.

Wapo wanaong'ang'ania kunakili filamu kwa kamera waliyo nayo tayari, lenzi ya kupigia vitu vya karibu, na taa nyeupe chini ya negativu. Maskini, wao fremu huisha kwa mbofyo mmoja. Watajuaje raha ya kukaa dakika kadhaa ukisikiliza mota inavyokwaruza?

Isitoshe, skana yetu hufuta vumbi kwa miale ya infraredi. Kwenye filamu ya rangi hufuta vumbi kweli. Kwenye ile ya kale ya nyeusi na nyeupe, fedha iliyomo huzuia miale hiyo, basi skana huamua kwamba vumbi ni babu mwenyewe aliye pichani. Mashine yenye msimamo namna hiyo, kwa bei ile, utaipata wapi?