Ukija Makere na Gari la Umeme

Kwanza, hongera. Dar es Salaam hadi Makere, mkoani Kigoma, ni zaidi ya kilomita 1,200, na kama umefika ukiendesha mwenyewe, si kwa kupandishwa juu ya fuso, wewe si mtu wa kawaida. Mwongozo huu ni wa wenzako ambao bado wako Kahama wanajishauri.

Programu ya simu itakuonyesha vituo vya kuchajia. Angalia ramani kuanzia Nyakanazi, Kakonko, Kibondo hadi Kasulu. Usidhani mtandao umekata. Ramani imeshafunguka, na hicho unachokiona ndicho kilichopo. Ule ubishi wa mjini, kwamba mdomo wa chaja ni wa Kijapani, wa Kizungu au wa Kichina, uache hukohuko. Hapa mdomo ni mmoja: soketi ya ukutani ya matundu matatu, nayo tayari imechomekwa redio, simu za watu wanne na tochi.

Utaona kibanda kimeandikwa TUNACHAJI SIMU. Usishangilie. Kijana wa hapo ana sola moja juu ya bati. Atalizunguka gari, atauliza betri iko wapi, kisha atakwambia liache, upitie jioni. Kila mteja huambiwa hivyo.

Basi itabidi ubishe hodi kwa watu, na hapa ndipo wageni wengi wanapoharibu. Usifike na waya mkononi. Toa shikamoo, kaa, kula ugali wa muhogo utakaoletewa, eleza kwenu ni wapi. Umeme uje baadaye, tena mbele ya mama mwenye nyumba, maana yeye ndiye anayejua LUKU imebaki uniti ngapi. Mzee atakubali papo hapo kwa sababu wewe ni mgeni. Mama atanyamaza. Anapiga hesabu: kwa nyumba yenye matumizi madogo, uniti 75 za mwanzo wa mwezi ni shilingi 100 kila moja, zikizidi, kila uniti ni shilingi 350. Nyumba ya taa tatu na redio haigusi mpaka huo. Gari lenye betri ya uniti 60 likinywa mara moja tu, mwezi wa familia umeharibika. Kwa hiyo asante peke yake haitoshi. Nunua umeme kabla hujachomeka, namba za tokeni ziingizwe mama akiona, na zitakazobaki usizidai.

Sasa subira. Soketi hiyo, ukitaka isiungue, itakupa kilowati mbili na ushei. Betri ya uniti 60 itakula zaidi ya siku nzima. Hata Nissan Leaf ya kwanza, ile ya 2010 yenye uniti 24, inataka usiku kucha na asubuhi yake. Gusa plagi mara kwa mara, ikichemka, chomoa. Na kama ni msimu wa mvua, wingu likitanda wenyeji huchomoa kila kitu kwa hofu ya radi. Watachomoa na gari lako bila kukuamsha, na watakuwa wamekuokolea gari.

Kuna atakayekushauri ukodi jenereta. Litafanya kazi, ila utakuwa unanunua petroli ili usinunue petroli. Usimcheke lakini. Kwa miaka mingi umeme wa TANESCO wa Kasulu na Kibondo ulitoka kwenye majenereta ya dizeli. Gridi ya taifa ilizinduliwa mkoani Oktoba 2022, Rais Samia akiwa ziarani. Ungekuja kabla ya hapo, gari lako safi lingetembea kwa dizeli iliyoletwa na lori.

Chaji ikikwisha porini, Land Cruiser za mashirika ziendazo kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu zitasimama, na dereva atatoa kamba kwa moyo mweupe. Kataa kwa adabu. Gari la umeme likivutwa magurudumu yakiwa chini, mota inazalisha umeme yenyewe na inaweza kuungua. Subiri lipandishwe kwenye fuso, na bei mpatane kabla.

Nawe uliye bado Kahama, acha gari kwa ndugu mwenye geti, ukate tiketi ya basi la Kasulu. Linatumia dizeli, na linafika.